Mama Mkwe wa Ghorofa ya Pili

Natangaza kwa wananchi wote wa Songea, wa mjini na wa pembeni, kuanzia Ruhuwiko mpaka Mshangano, na hata wale wa Lusewa ambao taarifa huwafikia ikiwa imeshachakaa njiani, kwamba kioo cha serikali sasa kinaoshwa na mwanamke. Jambo hili limechunguzwa na kamati, limejadiliwa, limekataliwa, likakubaliwa kupitia dirishani, na sasa ni halali.

Nalitangaza mimi, Getruda, mwenyekiti wa Kikundi cha Usafi wa Vioo cha Akina Mama wa Mshangano. Najua yamesemwa mengi sokoni na vilabuni, na waliosema mengi zaidi ni wale waliokuwepo. Taarifa kamili ni hii.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa suruali za mitumba, za kafa Ulaya, mpaka kanisani. Serikali nayo ikajipa ruksa yake: ikawapunguza wafagizi, watunza bustani na wapika chai, ikawaeleza kwamba hawajafukuzwa, ila wamefunguliwa milango washiriki katika soko huria. Wakalishiriki. Wengine wanalishiriki mpaka leo, wanauza karanga pale stendi. Kazi zao zikatangazwa zabuni.

Mojawapo ilikuwa ya kuosha madirisha ya lile jengo la ghorofa la Uratibu wa Huduma za Wananchi, jengo ambalo lina vioo vingi kuliko huduma. Kabla ya hapo vioo vilikuwa mikononi mwa Leonce na wenzake wa Bombambili, wanaume watupu. Waliosha vya chini na vya ghorofa ya kwanza. Vya ghorofa ya pili havikuwahi kuguswa tangu jengo lifunguliwe, kwa sababu ngazi yao ilikuwa haifiki. Leonce alikuwa ameshaueleza uongozi kwamba vumbi la juu ni jembamba, linaondoka lenyewe na mvua, na uongozi ulimpongeza kwa utafiti.

Sisi wakati huo tulikuwa tunaponda kokoto bondeni. Ni kazi nzuri, inafanyika ukiwa umekaa. Unalipiga jiwe, jiwe linakupiga vidole, jioni mnaachana mkiwa mmechoka wote wawili. Mwenzangu Zuhra, aliyeolewa huku akitokea Tunduru, alikuwa na kucha chache kuliko vidole. Kwa hiyo iliposikika zabuni ya vioo tuliomba. Tulijua hali zetu: ukitoka kwenye kioo unarudi kwenye jiwe. Hapo katikati hapakuwa na kitu kingine cha kushika.

Tulishinda kwa sifa moja kubwa, kwamba ubao ulishachorwa. Wafadhili walikuwa wametoa bati na rangi, ukaandikwa ubao mzuri wa Wanawake Katika Maendeleo, ukakaa stoo muda mrefu ukitafuta wanawake. Tulipotokea tukapigwa picha tukiwa tumeushika, na mkataba ukasainiwa siku hiyohiyo kabla jua halijaharibu mwanga. Mkataba ulisema tuoshe vioo vyote bila kubakiza, na dirisha lolote litakaloonekana chafu lioshwe mara moja. Tukimwacha mtu na dirisha chafu, kazi inarudi kwa Leonce.

Fundi mmoja wa Majengo akatuungia ngazi mbili za bomba zikawa moja ndefu. Tukanunua suruali za mitumba, tukazivaa chini ya vitenge, tukaenda kuripoti. Leonce alikuwa amekaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, anatungoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, hiyo ni ngazi."

"Naiona."

"Kazi ya ngazi ni ya mwanaume. Mwanamke akifika juu anashikwa na kizunguzungu. Ni maumbile, simsemi mtu vibaya."

Zuhra alikuwa anakamua kitambaa. "Leonce, mimi nimelelewa juu ya mkorosho," akasema. "Chini nimeshuka kuolewa tu."

Tatizo ni kwamba baada ya kushuka na kuolewa Zuhra alikuwa ameongezeka mwili, na ngazi ya kuunga inataka mtu mzito chini na mwepesi juu. Tukagawana madaraka. Zuhra akawa wa kushikilia, mimi nikawa wa kupanda.

Sasa lazima nieleze habari za kijana wangu Polikarp, maana bila yeye taarifa hii haina kichwa. Polikarp ndiye Mkuu wa Sehemu ya Malalamiko na Maombi, ghorofa ya pili. Pia ndiye aliyemwoa binti yangu Lidwina. Na ni kijana aliyelelewa. Kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, hawapishani kwenye mlango mmoja. Polikarp tangu aoe hajawahi kuniona uso. Nikienda kwao Ruhuwiko naanza kukohoa nikiwa bado barabarani, naye anatokea mlango wa nyuma na kupitia mashamba ya watu. Kuna siku alichuchumaa kwenye mihogo mpaka nikamaliza kula, nikaosha mikono, nikasimuliwa habari zote za mtaa, nikaondoka. Wangapi siku hizi wana adabu ya namna hiyo?

"Kwetu mwanaume ndiye anayehamia kwa wakwe," Zuhra aliniambia nilipomsimulia. "Tungekuwa tunakimbiana hivyo, wanaume wote wa Tunduru wangelala porini."

Basi siku ya kwanza nikapanda mpaka juu kabisa, pale ambapo unaiona Matogoro yote. Nikafuta kwa kiganja ili nione kioo kinaanzia wapi, maana vumbi lile jembamba la Leonce lilikuwa limeota majani. Nikaona tai. Ile tai naijua, niliwahi kumfulia Lidwina nguo alipojifungua. Nikageuza uso haraka kuelekea Matogoro, nikakohoa.

Kikohozi changu Polikarp anakijua kuliko wimbo wa taifa. Nilisikia kiti kikianguka, nikasikia mlango ukifunguliwa, basi. Nikaosha dirisha langu nikiwa na furaha kwamba elimu haijamharibu kijana.

Sasa huko nje ya mlango, kwenye ujia, lilikuwepo benchi. Kwenye benchi walikaa wananchi wenye malalamiko na wenye maombi, na kila asubuhi tarishi aitwaye Edmund aliwatangazia kwamba Mkuu yuko kikaoni. Na kweli alikuwa kikaoni, ila kikao chenyewe kilikuwa na mjumbe mmoja na magazeti. Miongoni mwa waliokuwa wakingoja alikuwa Majaliwa wa Lusewa, aliyeomba kibali cha mashine ya kusaga. Mashine yenyewe ilishafika kijijini, imefunikwa turubai, kuku wameshaanza kutagia ndani, na akina mama wa Lusewa wanaendelea kutwanga huku wanaitazama. Majaliwa alikuwa amekaa kwenye lile benchi muda mrefu mpaka Edmund akawa anamwagizia sigara dukani.

Mlango ukafunguka, Mkuu mwenyewe akatoka mbio, akagongana naye.

"Shikamoo bwana mkubwa," Majaliwa akasema, na hakumwachia. "Nilikuwa nakutafuta wewe."

Ndani Polikarp hawezi kurudi, mama mkwe yuko dirishani. Mbele hawezi kwenda, Majaliwa ameziba ujia. Kibali kikasainiwa palepale, mgongoni kwa Majaliwa, kwa kuwa kutafuta meza kungechelewesha. Nasikia mashine ilianza kusaga wiki ileile, na kuku wakahamishwa kwa heshima.

Habari ya namna hii haihitaji redio. Watu wakaanza kuja Mshangano jioni, wameshika mkungu wa ndizi au kijifuko cha ulezi. "Mama, shikamoo. Kesho unaosha upande gani?" Mimi nikawajibu kwamba ratiba ni siri ya kikundi, ila upande unaochafuka ndio unaooshwa. Sikuwa na nia yoyote. Nilikuwa nasoma mkataba.

Dirisha la Sehemu ya Malalamiko likaanza kuchafuka kwa namna ambayo wataalamu hawajaieleza. Asubuhi unalikuta na bonge la tope katikati, na bonge lina alama za vidole. Mimi napanda, nakohoa, kiti kinaanguka, mlango unafunguka, na huko kwenye ujia wananchi wameshapanga mstari, kalamu mkononi, wengine wameshainama kabisa ili mgongo uwe tayari. Siku nyingine naosha asubuhi, mchana tope linarudi. Kile kioo kilimeta kuliko kikombe cha misa.

Polikarp akaweka pazia. Lakini pazia ni kitambaa, lina upenyo, na mtu mwenye heshima hawezi kubahatisha kama mama mkwe anaona au haoni. Nikikohoa anatoka. Akabandika magazeti kwenye kioo. Mkataba ulisema dirisha chafu lioshwe mara moja, nikabandua. Basi jambo likapelekwa panapohusika, yaani ikaundwa kamati.

Iliitwa Kamati ya Muda ya Kuchunguza Kupanda kwa Akina Mama. Mwenyekiti alikuwa Joachim, Mkuu wa Utumishi wa ghorofa ya kwanza. Wajumbe wote walikuwa wanaume, ili kuepuka upendeleo. Mtaalamu mwalikwa alikuwa Leonce, ambaye alikuja amevaa koti. Polikarp naye alikuwa mjumbe, na kwa kuwa mimi niliitwa kutoa maelezo, walimweka nyuma ya kabati la mafaili, uso ukutani. Akiwa na swali alimnong'oneza Edmund, Edmund akazunguka kabati kuniletea, nami nikamjibu Edmund. Kamati ikapata heshima ya kikao cha posa.

Leonce alieleza kwa kirefu. Alisema mwanamke akipanda damu inashuka, akishuka damu inapanda, na kwamba hali hiyo ni hatari kwa jengo.

"Umewahi kumwona mama huyu akianguka?" Joachim akamuuliza.

"Bado," Leonce akasema. "Ndiyo maana nasema ni hatari. Hatujui ataanguka lini."

Wajumbe wakaandika.

Nyuma ya kabati pakanong'onwa, Edmund akazunguka. "Mama, mjumbe mmoja anauliza, haiwezekani mwenzako Zuhra apande lile dirisha moja?"

"Mwambie inawezekana. Zuhra anaweza kupanda. Mimi ndiye siwezi kumshikilia."

Edmund akazunguka na jibu. Joachim akakohoa, nyuma ya kabati kiti kikashtuka, tukasubiri kitulie.

"Mama Lidwina," Joachim akasema, "hebu tuambie kwa uwazi. Ukiwa kule juu huwa unatazama ndani ya ofisi?"

"Kioo hakioshwi kwa kupapasa, bwana mwenyekiti."

"Ndani unaona nini? Kuna nyaraka za serikali mle. Kuna siri."

"Sijawahi kuona siri."

"Watumishi je? Unawaona wanachofanya?"

"Na watumishi sijawaona. Naona makoti. Kila kiti kina koti lake, limekaa vizuri, limetazama meza. Mimi nilidhani ndiyo zamu ya makoti."

Kalamu zikasimama. Mjumbe mmoja alilitazama koti lake, akalivaa. Joachim akasema maelezo yametosha, na kwamba suala la makoti haliko katika hadidu za rejea.

Taarifa ikatoka kabla ya wino kukauka. Kamati ilikuwa imebaini kwamba akina mama wana kizunguzungu cha ndani kisichojionyesha, na kwamba kutojionyesha kwake ndiko kunakokifanya kuwa kikali. Ubao wa Wanawake Katika Maendeleo ungebaki palepale, kwa kuwa wenyewe hauna kizunguzungu. Kikundi kinasimamishwa. Kazi inarudi kwa Leonce.

Barua alinisomea Edmund chini, pembeni ya ua, huku Zuhra anakunja vitambaa. Alikuwa anasoma na kufuta jasho. Mwishoni ilikuwa na yale maneno ambayo huwekwa mwisho wa kila barua ya serikali, ambayo hata anayeyapiga chapa hayasomi: kwamba asiyeridhika afike yeye mwenyewe Sehemu ya Malalamiko na Maombi, ghorofa ya pili, akae kwenye benchi asubiri zamu yake.

"Rudia hapo mwisho," nikamwambia.

Akarudia.

"Basi sawa. Mungu akubariki."

Tukabeba ngazi yetu, tukarudi bondeni. Nyundo ilikuwa palepale nilipoiacha, haikuwa na kinyongo. Nikaponda mpaka kiza, kidole gumba kikavimba, na Zuhra akaponda pembeni yangu. Mwishowe akasema, "Mama, mimi siwezi tena kukaa hapa chini. Nimeshazoea kushikilia kitu kinachokwenda juu."

"Kesho nina safari ya ofisini," nikamwambia. "Wewe kaa na ngazi karibu."

Asubuhi nikavaa khanga safi, nikachukua rozari na viazi vitamu vya kuchemsha, nikaenda taratibu. Sikutaka kukutana na mkwe wangu njiani, kwa hiyo nilihakikisha ameshaingia ofisini ndipo nikapanda zile ngazi za ndani. Benchi lilikuwa limejaa. Walisogea wakanipa nafasi mwishoni, penye mlango, magoti yangu yakaelekea kitasa. Nikajifunika khanga vizuri. Halafu nikakohoa, mara moja tu, kwa adabu.

Ndani kalamu ikaanguka.

Baada ya kitambo Edmund akatoka, akafunga mlango kwa mgongo.

"Shikamoo mama. Mkuu anauliza umekuja kwa ajili ya nini."

"Malalamiko."

Akaingia, akatoka. "Anasema yamepokelewa, unaweza kwenda."

"Barua inasema nisubiri zamu."

Akaingia, akatoka. "Anasema zamu yako imefika, amekutanguliza wewe."

"Ningeingia, Edmund, lakini mkwe wangu yumo."

"Basi atoke yeye."

"Hawezi. Mimi nipo."

Edmund alisimama pale akautazama ukuta. Alikuwa kijana mwenye bidii, lakini hakuwa amefundishwa jambo kama lile. "Sasa mama, tufanyeje?"

"Tufuate utaratibu."

Akaniomba nisogee kidogo tu, niende hata pale ngazini, Mkuu apite, halafu nirudi. Ningemkubalia. Lakini juu ya vichwa vyetu palikuwa na tangazo lenye muhuri, nalo lilisema mwananchi atakayeondoka kwenye benchi atapoteza zamu na kuanza upya. Bibi mmoja wa Ruhuwiko akalinyooshea kidole. "Mimi nilikwenda kunywa maji mwezi uliopita," akasema, "nikaanza upya." Wote wakathibitisha kwamba sheria ile haina mchezo.

Joachim akapanda kutoka ghorofa ya kwanza kuja kuona kuna nini. Akazungumza na mlango. "Polikarp, toka tu bwana. Hapa ni ofisini, hapa si kijijini."

"Wewe ungetoka?" mlango ukajibu.

Joachim akanitazama nilivyokaa. Kutoka pale kulitaka mtu azipitishe suruali zake juu ya magoti ya mama mkwe, na jambo hilo hata mlevi wa mwisho kutoka kilabuni halifanyi. Akaita mlinzi aje aniinue. Mlinzi akaja, akanisalimia, akasema na yeye ana mama mkwe, akarudi getini. Joachim akakumbuka kwamba ana kikao.

Ndipo bibi wa Ruhuwiko alipoinama na kusukuma karatasi yake chini ya mlango. Ilikuwa ya kiwanja, imeshakuwa laini kama kitambaa kwa kukunjwa. Tukasikia viatu, kisha karatasi ikarudi, imesainiwa na kugongwa muhuri. Nadhani Polikarp alidhani benchi likiisha nami nitaisha. Alikuwa na hesabu nzuri, ila mimi sikuwa na karatasi ya kusukuma, na mstari ulikuwa unaongezeka nyuma yangu. Habari ilikuwa imeshafika sokoni. Watu wakapanda na vibali vya bucha, maombi ya uhamisho, madai ya mirathi ya watu ambao warithi wao nao walishakufa. Karatasi zikaingia chini ya mlango, karatasi zikatoka. Siku hiyo Sehemu ya Malalamiko ilifanya kazi kuliko wakati wowote tangu uhuru, na bila mtu hata mmoja kuonana na mtu.

Mimi nilisali rozari. Nikala kiazi kimoja. Nikampa Edmund kimoja.

Lakini Polikarp alikuwa na chupa ya chai mle ndani. Lidwina humjazia kila asubuhi, yenye tangawizi, na siku ya wasiwasi mtu hunywa chai bila kujua. Mchana ulipoingia Edmund akatoka akiwa na sura nyingine.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "Mkuu anaomba kwenda msalani."

Msala uko mwisho wa ujia. Njia ni moja, inapita mbele yangu.

"Mpe pole," nikamwambia. Nilimaanisha. Ni baba wa wajukuu zangu. "Mwambie malalamiko yangu ni mafupi. Kikundi kirudishiwe vioo."

Akaingia, akatoka. "Anasema kamati imeshaamua, haiwezekani."

"Basi nasubiri."

Yaliyofuata yalitokea upande wa nje, nami nayaeleza kama nilivyoelezwa na Zuhra, ambaye huongeza, lakini siku hiyo hakukuwa na nafasi ya kuongeza. Dirisha la ghorofa ya pili lilifunguliwa. Tai ikatangulia, kikafuata kichwa. Chini Leonce alikuwa anaosha vya chini.

"Leonce. Lete ngazi hapa."

Leonce akaileta, akaisimamisha. Ikaishia ghorofa ya kwanza.

"Bwana mkubwa," akasema, "shuka mpaka hapo inapoanzia."

"Nishukeje mpaka hapo?"

"Hilo ndilo sijalifanyia utafiti."

Watu wakaanza kukusanyika. Wauza karanga wa stendi wakaja, wakaanza kuuza. Na Zuhra alikuwa ng'ambo ya barabara, amekaa kivulini, ngazi ndefu imelala pembeni yake. Akainuka bila haraka.

"Mama Zuhra," Polikarp akaita kutoka juu, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia ofisini. "Dada yangu. Nisaidie hiyo ngazi."

"Ningekusaidia, baba, lakini ngazi hii ni mali ya kikundi kilichosimamishwa. Haiwezi kugusa ukuta wa serikali bila kibali. Nitafungwa."

"Nakupa ruhusa."

"Ya mdomo inapeperuka, baba. Huko juu kuna upepo."

Inasemekana aliandika akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Karatasi ilishuka imefungwa kwenye muhuri wenyewe ili isipeperuke, ikaangukia kwenye ndoo ya Leonce. Zuhra hasomi haraka, na hakuona sababu ya kuanza siku hiyo. Akasoma neno kwa neno, kwa sauti, umati unamsaidia penye maneno marefu: kwamba taarifa ya kamati imetenguliwa, kwamba kizunguzungu kilichotajwa hakipo, kwamba vioo vyote vya jengo ni vya akina mama wa Mshangano kwa muda wote wa mkataba. Akauliza kama kuna mtu hajasikia. Waliokuwa nyuma wakasema hawajasikia. Akarudia.

Ndipo akaisimamisha ngazi, yeye na Leonce wakaishikilia, na Mkuu wa Sehemu ya Malalamiko na Maombi akatoka kwa dirisha, kisigino kwanza.

Alishuka vizuri mpaka katikati. Hapo akatazama chini, akaikumbatia ngazi, akafumba macho. Alikuwa usawa wa dirisha la Joachim. Zuhra anasema alipofumbua macho alijikuta anatazama ndani ya ofisi ya mwenyekiti wa kamati, na mle ndani, kwenye kiti, limekaa koti. Mwenye koti alikuwa chini katika umati, amebaki na shati, anakula karanga.

"Mguu wa kushoto, baba," Zuhra akamwambia. "Huo ni wa kulia. Haya, mwingine. Usitazame huku, tazama kioo, tumekiosha wenyewe. Pumua. Hata mimi kwenye mkorosho nilianza hivyohivyo."

Akamshusha hatua kwa hatua, kama anavyoshushwa mtoto kitandani. Alipogusa ardhi hakuaga mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye choo cha wananchi, kile cha chini, nyuma ya jengo. Kilikuwa na kufuli. Watu walikuwa wamelalamikia kufuli hilo miaka na miaka, na malalamiko yao yalikuwa yamehifadhiwa vizuri juu, ghorofa ya pili, chini ya ufunguo uliokuwa umening'inia ukutani kwake.

Basi akakimbilia choo cha soko. Palikuwa na foleni. Akawaambia yeye ni nani, wakasema wanamfahamu. Siku nyingine wangempisha, wangemwita bwana mkubwa na kumfungulia mlango. Lakini kila mmoja aliyekuwa mbele yake alikuwa na karatasi yake mfukoni, imesainiwa na kugongwa muhuri siku hiyohiyo, na hakuna aliyekuwa na shida naye tena.

Hayo mimi sikuyaona, na hata ningekuwepo ningegeuza uso, kwa sababu yeye ni mkwe wangu na heshima ni heshima. Mimi nilikuwa bado kwenye benchi, ghorofa ya pili, nasubiri zamu yangu.